Kuadhimisha Juneteenth kupitia makumbusho: mwongozo kwa familia zinazozungumza Kiswahili Marekani

Kila mwezi wa sita ukikaribia, maswali huanza kumiminika kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Juneteenth ni nini hasa? Inatuhusu sisi tuliokuja juzi kutoka Dar, Nairobi au kambi ya Nyarugusu, au ni ya Wamarekani Weusi peke yao? Makumbusho yana kiingilio? Mtoto wa miaka sita aone pingu, au asubiri akue? Tuvae nini? Maswali ni yaleyale kila mwaka, na majibu hupotea kwenye mazungumzo baada ya siku mbili. Ndiyo maana nayaandika hapa kwa mpangilio.

Kwa kifupi, Juneteenth ni sikukuu ya Marekani ya tarehe 19 Juni, ya kukumbuka kukombolewa kwa watu waliofanywa watumwa. Swali la kama inatuhusu nalijibu mapema. Unakaribishwa, lakini jua kwamba unakwenda nyumbani kwa mwenzako siku ambayo msiba na harusi vimekutana. Mgeni wa siku kama hiyo hunyamaza kwanza akasikiliza, kisha hushika kazi atakayopewa. Ukienda kwa moyo huo hutakosea sana.

Yakupasayo kujua kabla ya kuondoka nyumbani

Rais Abraham Lincoln alitia saini Tangazo la Ukombozi, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Lilihusu majimbo yaliyoasi, Texas ikiwemo. Lakini Texas ilikuwa mbali na vita na majeshi ya Muungano, yaani upande wa serikali kuu, hayakuwa na nguvu huko, kwa hiyo mabwana waliendelea kuwafanyisha watu kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Tarehe 19 Juni 1865, zaidi ya miezi miwili baada ya Jenerali Lee wa jeshi la waasi kusalimu amri kule Virginia, Meja Jenerali Gordon Granger wa jeshi la Muungano alitoa mjini Galveston, Texas, Amri Kuu Namba 3, iliyotangaza kwamba watumwa wote wako huru. Wakati huo Texas ilikuwa na takriban watu 250,000 walioshikiliwa utumwani.

Watu hao ndio walioanzisha sherehe hii, wenyewe, mwaka uliofuata. Texas iliifanya sikukuu rasmi ya jimbo kuanzia 1980. Serikali kuu iliitambua tarehe 17 Juni 2021, na miongoni mwa waliokuwapo wakati wa kutia saini alikuwa Bi. Opal Lee wa Fort Worth, bibi aliyeipigania siku hii kwa miguu yake. Mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 89, alianza kutembea kuelekea Washington ili sikukuu itambuliwe kitaifa. Alipokuwa na miaka 12, tarehe 19 Juni 1939, kundi la Wazungu lilivamia nyumba ya wazazi wake na kuiteketeza. Wasimulie watoto habari za bibi huyu, maana watazikumbuka kuliko tarehe zote.

Vitu vya kuwa navyo

- Ratiba ya makumbusho unayokusudia, uliyoisoma kwenye tovuti yao mwezi huuhuu na si ya mwaka jana.
- Tiketi au uthibitisho wa nafasi kwenye simu, hata kama kiingilio ni bure.
- Nakala ya Amri Namba 3, kwa Kiingereza na Kiswahili. Tafsiri nimeiweka kwenye hatua ya tatu.
- Daftari dogo na penseli kwa kila mtoto anayejua kuandika. Makumbusho mengi hayaruhusu kalamu ya wino karibu na maonyesho.
- Maji, kofia na viatu vya kutembelea. Juni ya Texas, Louisiana na Alabama haina huruma, na sehemu ya programu hufanyika nje.
- Ruhusa ya kazini. Hili wengi hulisahau. Sheria ya Marekani haimlazimishi mwajiri binafsi kukupa siku hii, wala kukulipa zaidi ukifanya kazi. Ofisi za serikali kuu, benki na posta hufungwa, lakini ghala na hospitali hazifungwi. Omba mapema.

Hatua ya 1: Chagua makumbusho kwa kuangalia programu, si jengo

Watu hukimbilia jengo maarufu, wakifika wanakuta ukumbi uko wazi lakini hakuna chochote maalumu siku hiyo. Anza na ukurasa wa matukio. Programu nzuri ya Juneteenth huwa na angalau vitu viwili kati ya hivi: usomaji wa Amri Namba 3 mbele ya watu, ziara ya kuongozwa, warsha ya watoto, mazungumzo na wanahistoria au wazee wa eneo hilo, na dawati la kutafuta koo.

Ukiwa Houston au jirani, nenda Galveston. Ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na ndipo mambo yalipotokea. Kwenye kona ya mtaa wa 22 na Strand, mahali palipokuwa makao ya Granger, kuna mchoro mkubwa wa ukutani uliozinduliwa 2021, kazi ya msanii Reginald Adams na wenzake. Karibu yake kuna kibao cha kihistoria. Nyumba ya Ashton Villa, iliyo chini ya wakfu wa historia wa Galveston, huwa na hafla ya kila mwaka, na kanisa la Reedy Chapel AME, lililojengwa na Waafrika waliokuwa wakiabudu hapo tangu enzi za utumwa, nalo huadhimisha. Houston kwenyewe kuna Emancipation Park: ekari 10 zilizonunuliwa 1872 na Mchungaji Jack Yates na wenzake, watu waliotoka utumwani miaka saba tu nyuma, ili wapate mahali pao pa kusherehekea siku hii. Mimi huwaambia wageni waanzie hapo hata kama watakaa nusu saa. Watu wasio na kitu walichanga wakanunua ardhi kwa ajili ya kumbukumbu. Simama kwenye nyasi hizo uliwaze hilo.

Ukiwa Kentucky, Ohio au Indiana, ambako ndugu zetu wengi kutoka Kongo wamepewa makazi, nenda Cincinnati kwenye National Underground Railroad Freedom Center. Ndani ya jengo la kisasa wameweka banda la magogo lenye sakafu mbili, ya chini na ya juu, lililohamishwa kutoka shamba moja la Kentucky. Mfanyabiashara wa watumwa aliwafungia watu humo kabla ya kuwapeleka kusini kuuzwa. Unaingia, unagusa ukutani, unatoka.

Detroit kuna makumbusho ya Charles H. Wright, Chicago kuna ya DuSable, Dallas kuna African American Museum ndani ya Fair Park. Charleston, South Carolina, kuna International African American Museum, lililofunguliwa Juni 2023 palepale kwenye gati la Gadsden, ambapo maelfu ya Waafrika waliteremshwa kutoka melini. Montgomery, Alabama, kuna Legacy Museum. Huko pazito sana, na watoto wadogo usiwapeleke bila kujiandaa.

Washington nitaieleza kwenye hatua ya tano, maana ina mambo yanayotugusa moja kwa moja.

Hatua ya 2: Weka nafasi mapema

Makumbusho ya Kitaifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi mjini Washington ni bure, lakini unahitaji tiketi yenye saa maalumu ya kuingia. Karibu na tarehe 19 Juni tiketi hizo huisha haraka. Angalia tovuti yao mwezi mmoja kabla na uchague saa za asubuhi.

Kwingineko mambo hutofautiana. Yapo makumbusho yanayofungua milango bure siku ya Juneteenth, na yapo yanayofunga kabisa kwa sababu ni sikukuu ya taifa. Mengine huhamishia programu Jumamosi iliyo karibu ikiwa tarehe 19 imeangukia katikati ya wiki. Usidhani. Piga simu.

Kama mnakwenda kundi zima, la jumuiya, msikiti, kanisa au chama cha akina mama, waandikieni idara ya elimu ya makumbusho wiki sita hadi nane kabla. Taja idadi, umri, lugha, na kama kuna anayetumia kiti cha magurudumu. Uliza kama wanaweza kumpokea mkalimani wenu bila kumtoza. Mara nyingi wanakubali kwa furaha, na wengine hata hutuma maandishi ya ziara mapema ili mkalimani ajiandae.

Angalizo: mkalimani asiwe mtoto. Tumezoea kuwategemea watoto hospitalini na kwenye ofisi za serikali, lakini hapa usimtwike binti wa miaka 13 kazi ya kumtafsiria bibi yake maelezo ya mnada wa watu. Tafuta mtu mzima.

Hatua ya 3: Someni Amri Namba 3 nyumbani, yote

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwangu mimi ndiyo muhimu kuliko zote. Nakala ya awali, iliyoandikwa kwa mkono, iko kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Washington. Ni fupi kuliko tangazo la mwenye nyumba. Kwa Kiswahili inakuwa hivi:

"Wananchi wa Texas wanajulishwa kwamba, kwa mujibu wa tangazo la Mtendaji Mkuu wa Marekani, watumwa wote wako huru. Hii ina maana ya usawa kamili wa haki za mtu na haki za mali kati ya waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa, na uhusiano uliokuwapo kati yao unakuwa ule wa mwajiri na kibarua wa kulipwa. Waliokombolewa wanashauriwa kubaki kwa utulivu katika makazi yao ya sasa na kufanya kazi kwa ujira. Wanajulishwa kwamba hawataruhusiwa kukusanyika kwenye kambi za jeshi, na kwamba hawatatunzwa wakikaa bila kazi, huko wala kwingineko."

Soma kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza msikilize tu. Mara ya pili simama baada ya kila sentensi uwaulize waliopo wamesikia nini. Sentensi ya kwanza hushangiliwa. Ya pili ina maneno mazito, "usawa kamili", ambayo nchi hii imeyabishania hadi leo. Ukifika ya tatu na ya nne, hata vijana wanaojifanya hawasikilizi huinua vichwa. Watu wameambiwa wako huru na, kwa pumzi hiyohiyo, wabaki kwa yule aliyewamiliki na wasizurure. Waulize: je, ungebaki? Ungekwenda wapi, na nani, ukiwa huna nauli, huna ardhi, na mkeo aliuzwa kaunti nyingine?

Familia zilizopitia kambi za wakimbizi huelewa swali hili kuliko darasa lolote. Wape wazee nafasi ya kusema.

Angalizo: msiwafundishe watoto kwamba "habari zilichelewa kufika." Utaisikia mara nyingi, na ni nusu ya ukweli. Watu wengi Texas walishasikia habari za tangazo. Kilichokosekana ni jeshi la kuwalazimisha mabwana walitii. Pia msiseme utumwa uliisha nchi nzima siku hiyo. Delaware na Kentucky ziliendelea nao hadi Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyopiga marufuku utumwa, yalipoidhinishwa Desemba 1865. Na marekebisho hayo yenyewe yaliacha mwanya kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa la jinai. Makumbusho mengi, hasa la Montgomery, yatawaonyesha mwanya huo ulivyotumika.

Hatua ya 4: Waandae watoto kulingana na umri

Chini ya miaka saba: warsha, nyimbo, kuchora, chakula. Mwambie kwamba zamani watu wengine waliwalazimisha wenzao kufanya kazi bila malipo na bila ruhusa ya kuondoka, na leo tunafurahi na watoto wa watu waliokombolewa. Inatosha.

Miaka saba hadi kumi na moja: waambie mapema kwamba wataona minyororo na pingu, na nyingine ni ndogo, zimetengenezwa kwa ajili ya mikono ya watoto. Usiache wakutane nazo ghafla. Waambie pia wana ruhusa ya kusema "nimechoka, nataka kutoka" bila kugombezwa.

Kumi na mbili na kuendelea: wape kazi. Mmoja atafute kitu kilichomilikiwa na mtu aliyefanywa mtumwa, mwingine atafute jina la mtu aliyepinga, wa tatu atafute barua. Mtoto mwenye kazi hasahau, na simu humkaa mfukoni.

Kwenye lugha, zoeza midomo yenu kusema "watu waliofanywa watumwa" mnapozungumza na wenyeji. Sisi tumekua na neno mtumwa na hakuna aliyetukemea, lakini hapa Marekani waelimishaji wengi wa makumbusho huepuka kumtaja mtu kana kwamba utumwa ndio uliokuwa utu wake. Ukilifuata hilo unaonyesha heshima. Na matani yetu ya rangi, yale ya kumtania mwenzako kwa weusi wake, yaacheni nyumbani. Yasikilizwe na nani, yatafsiriwe vipi, huwezi kujua.

Hatua ya 5: Siku yenyewe, tembea kwa mpangilio

Fika dakika 30 kabla ya saa ya tiketi. Foleni ya ukaguzi wa mikoba huwa ndefu.

Kwa Washington, anza chini. Historia iko chini ya ardhi, na lifti hukushusha huku miaka ikirudi nyuma ukutani hadi karne ya 15. Mbunifu mkuu wa jengo hilo, David Adjaye, ni mtoto wa wazazi wa Ghana aliyezaliwa Dar es Salaam, na umbo la nje la ngazi tatu limechukuliwa kutoka kwenye sanaa ya Wayoruba. Watoto wetu hupenda kuyajua hayo wakiwa bado nje, kabla ya giza la chini.

Huko chini uliza habari za meli ya São José. Hapa ndipo hadithi inapotua kwetu. Meli hiyo ya Kireno iliondoka Kisiwa cha Msumbiji Desemba 1794 ikielekea Brazil, imebeba zaidi ya watu 400, wengi wao wakiaminika kuwa Wamakua. Ilipasuka kwenye miamba karibu na Cape Town. Zaidi ya 200 walikufa maji, na waliookolewa waliuzwa upya palepale Cape. Wapiga mbizi walipochunguza masalia walikuta vipande vya chuma vya kuitulizia meli majini. Vilihitajika kwa sababu miili ya watu ni myepesi kuliko shehena ya bidhaa, na bila chuma meli ingeyumba. Ukiwa na ndugu wa Masasi, Newala au Tunduru, muite asogee, maana Wamakua wako pande zote mbili za Ruvuma. Mwaka 2015 udongo kutoka Msumbiji ulipelekwa ukamwagwa baharini pale meli ilipozama. Masalia yaliyoonyeshwa Washington yaliazimwa kutoka Afrika Kusini, na vya kuazima hurudishwa, kwa hiyo uliza kaunta kama bado yapo kabla hujawaahidi watoto.

Pitia pia nyumba ya mbao iliyotolewa kisiwa cha Edisto, South Carolina, walimoishi watu waliofanywa watumwa na baadaye watu huru. Angalia upana wake. Hesabu wangelala wangapi.

Baada ya hapo pumzika. Kuna ukumbi wa kutafakari wenye maji yanayoanguka kutoka juu. Kaeni hapo bila kupiga picha, kisha pandeni juu kwenye muziki na michezo. Watu hufanya kosa la kuanza na juu kwa sababu kuna raha, wakishuka chini wamechoka, wanapita mbio.

Kwa Galveston mpangilio ni rahisi: kibao na mchoro asubuhi kabla jua halijakaza, kisha hafla ya usomaji, kisha kanisani au ufukweni. Utasikia kwamba Granger aliisoma amri akiwa kwenye roshani ya Ashton Villa. Ni simulizi inayopendwa, ila haina ushahidi wa kutosha.

Hatua ya 6: Shiriki kama mgeni mwema

Wimbo wanaouita wimbo wa taifa wa Weusi ukianza, simama, hata kama huujui. Ukiona bendera ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu yenye nyota katikati iliyozungukwa na mlipuko, hiyo ndiyo ya Juneteenth. Vyakula na vinywaji vyekundu vitakuwa vingi: soda nyekundu, tikitimaji, mbavu za kuchoma. Kama mmealikwa kuchangia chakula, juisi ya rosella inafaa mno, maana ni ndugu wa kinywaji kilekile kilichovuka bahari kutoka Afrika Magharibi. Mavazi: kitenge kinaruhusiwa na kinapendwa, lakini si lazima.

Muda wa maswali ukifika, uliza kuhusu mahali hapo. Nani alifanyishwa kazi mjini humu? Waliishi mtaa gani baada ya 1865? Makaburi yao yako wapi? Mwelimishaji wa makumbusho akisikia swali la namna hiyo kutoka kwa mgeni, uso humchangamka, na utaambiwa mambo yasiyo kwenye vibao.

Angalizo kubwa: mzee wa Kimarekani akisimama kusimulia familia yake, usirekodi bila idhini, na usimkatize kumwambia kwamba "hata kwetu Afrika kulikuwa na shida." Kuna wakati wa hayo, na si pale. Na kamwe usimuulize Mmarekani Mweusi kwa nini "wao" hawajaendelea. Nimewaona watu wetu wakiuliza hivyo wakidhani ni mazungumzo ya kawaida. Ni tusi, na siku hiyo linauma maradufu.

Hatua ya 7: Tafuta majina

Vijana wengi hudhani kazi imeisha mkitoka mlangoni, kumbe hii ndiyo sehemu watakayoipenda. Kwenye sensa za 1850 na 1860 watu waliofanywa watumwa waliorodheshwa chini ya jina la mmiliki: umri, jinsia, rangi, basi. Mstari mmoja, mtu mmoja, bila jina. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza ya taifa kuwaandika karibu wote kwa majina yao. Katikati ya hapo kuna nyaraka za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyoundwa 1865 kuwahudumia waliokombolewa: mikataba ya kazi, vyeti vya ndoa, orodha za chakula, barua za watu wanaotafuta watoto wao waliouzwa.

Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa, huwaruhusu watu wa kawaida kujitolea kunakili nyaraka hizo kupitia intaneti. Kijana wa sekondari anayesoma Kiingereza vizuri anaweza. Mpe ukurasa mmoja. Mwandiko wa karne ya 19 ni mgumu siku ya kwanza, lakini macho huzoea. Anachofanya ni kurudisha jina la mtu mahali ambapo mjukuu wake ataweza kulipata, na huo ni mchango halisi kutoka kwetu kwenda kwa wenyeji wetu.

Hatua ya 8: Zungumzeni kuhusu kwetu, mkisharudi nyumbani

Mtoto atauliza tu: "Na kwetu je?" Usimdanganye. Mwambie pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na biashara yake ya watumwa, iliyopeleka watu Unguja, Pemba, Arabuni, visiwa vya Bahari ya Hindi na hata Brazil, na kwamba miongoni mwa waliowakamata na kuwauza walikuwamo watu wa pwani na wa bara. Soko la Unguja lilifungwa 1873 enzi za Sultani Barghash. Hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar iliondolewa 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Ukienda likizo, wapeleke Mkunazini, kwenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni kando ya kanisa kuu la Kianglikana, au Bagamoyo zilikoishia njia za misafara, au Kengeleni, Mombasa, penye kengele ya Frere Town, makazi ya waliokombolewa. Mpigieni bibi simu mumuulize alisikia nini utotoni. Wengine wataeleza, wengine watanyamaza, na msimlazimishe anayenyamaza.

Matatizo na ufumbuzi

*Tiketi zimeisha.* Makumbusho la Washington hutoa nyingine siku hiyohiyo asubuhi kupitia tovuti, kwa hiyo uwe na simu mkononi mapema. Ukikosa, nenda wiki inayofuata. Maonyesho yapo mwaka mzima.

*Mtoto amelia au amegoma.* Toka naye mara moja. Usimwambie ajikaze. Kaeni nje, mpe maji, muulize ameona nini. Mtu mzima mwingine abaki na waliosalia, ndiyo maana msiende mtu mzima mmoja na watoto watano.

*Mzee haelewi Kiingereza.* Chagua maonyesho ya vitu badala ya maandishi: banda la magogo, nyumba ya Edisto, pingu. Mweleze kwa ufupi na umwache aangalie. Programu za simu za kutafsiri maandishi kwa kamera husaidia kiasi, ila Kiswahili chake huteleza, kwa hiyo usizitegemee kwenye maelezo mazito.

*Mtu kakwambia "hii si historia yenu."* Usibishane. Mwambie umekuja kujifunza, kisha endelea kusikiliza. Mara nyingi mtu huyohuyo ndiye atakayekuonyesha viti.

*Ndugu anasema mambo ya kale yaachwe.* Usimburute. Mwambie utamletea chakula.

*Bosi kakataa ruhusa.* Programu nyingi huwa na siku ya Jumamosi au jioni. Emancipation Park huwa na shughuli zaidi ya siku moja.

*Hakuna makumbusho karibu.* Maktaba ya kaunti ndiyo mahali pa pili pa kuuliza, na nyingi huandaa usomaji wa Amri Namba 3 au maonyesho madogo ya picha za wenyeji. Makumbusho la Washington pia lina sehemu ya maonyesho yake mtandaoni bila malipo, inayofunguka vizuri kwenye televisheni ya sebuleni. Piga simu maktaba mwezi wa tano na uulize kama wana jambo lolote la Juneteenth. Wakisema hawana, waulize kama wangependa jumuiya yenu isaidie kuandaa, na upeleke nakala zako za amri katika lugha zote mbili.